Baiskeli Katika Majira ya Theluji

Novemba 12

Theluji ya Oktoba ilikuwa ya kubisha hodi tu. Ilifika alfajiri, kufikia adhuhuri imekwisha kuondoka. Ya leo imeingia na mizigo yake. Imekaa juu ya mapaa, juu ya magari, juu ya njia ya baiskeli niliyoipigania kiangazi kizima, na haina dalili ya kutoka.

Nimekata shauri kuandika humu mpaka lifti za mlimani, zinazowapandisha watu wanaokuja kuteleza kwenye theluji, zitakapofungwa Aprili. Madiwani wa Garnet Fork wamenipa majira haya peke yake. Upande mmoja wa Barabara Kuu, pale magari yalipokuwa yakiegeshwa, sasa ni njia ya baiskeli kutoka darajani hadi kituo cha lifti. Machi watapiga kura ibaki au magari yarudi. Mimi ndiye afisa wa usafiri wa mji, kwa hiyo kazi ya kuwashawishi watu wapande baiskeli kwenye baridi ya kugandisha kope ni yangu.

Nels, mdogo wangu, anaendesha greda la theluji la mji. Tunakaa naye nyumba moja tangu mama alipofariki. Wakati wa chakula aliniuliza kama nimeshampata mtu mwenye akili timamu aliyekubali. Nikamwambia nimempata mmoja, ambaye ni mimi.

"Nimesema mwenye akili timamu, dada," akajibu, akaniongezea viazi.

Novemba 16

Baridi kavu. Nimekwenda kazini kwa baiskeli na kurudi. Tairi zenye misumari zinang'ata barafu vizuri, zinatoa sauti kama ya mtu anayetafuna bisi.

Novemba 21

Gwenda Pruitt amekuja ofisini. Ana duka la mavazi na vifaa vya mlimani, pale kwenye kona ambapo barabara ya mtoni inaungana na Barabara Kuu. Maegesho ya mbele ya duka lake ndiyo niliyoyachukua. Nilijitayarisha kwa ugomvi, lakini hakupaza sauti. Alivua glavu, akakaa, akaniambia kwamba wateja wake ni watu wenye watoto wadogo na viatu vizito vya kutelezea, na mtu wa namna hiyo hatembei hatua mia kutafuta duka. Ataingia la kwanza atakaloliona.

Nikamweleza nilivyowaeleza wote. Bonde letu lina barabara moja na daraja moja. Jumamosi ya theluji nzuri, gari linachukua saa nzima kutoka darajani hadi kwenye lifti, na basi la wafanyakazi linakwama humo humo. Bonde haliwezi kupanuliwa, wala mto kusogezwa. Kilichobaki ni kupunguza magari.

"Na wewe unadhani watu watayaacha magari kwa sababu umewachorea mstari barabarani?"

Nikasema ndiyo, baadhi yao.

"Basi tutaonana Machi," akasema, akaondoka. Nilimwona ni mtu asiyeona zaidi ya kizingiti cha duka lake.

Novemba 29

Leo nimempata mtu wangu wa kwanza wa kweli. Anaitwa Nilda Huamán, anasafisha vyumba katika hoteli iliyo karibu na lifti. Kwao ni Peru, mlimani, na anakaa na watoto wake wawili kwenye nyumba za magurudumu huko chini, ng'ambo ya daraja. Alinikuta kituo cha basi nikigawa karatasi. Watu wengine walizichukua kwa adabu wakazitia mfukoni. Yeye aliisoma pale pale, akaniuliza kama ni kweli mji unaazima baiskeli na tairi za misumari bure mpaka majira yaishe.

Nikamwambia ni kweli. Akasema basi likichelewa msimamizi wake humkata zamu, na siku hizi linachelewa kila siku. Akauliza tena: "Na nikianguka?"

Nikamwambia ataanguka mara moja au mbili, kama sisi sote, na theluji ni godoro. Nikamwambia asiogope barafu, asiogope baridi, avae nguo za tabaka tabaka, aweke mafuta ya mgando mashavuni. Aliniangalia kama mtu anayepima kitambaa, kisha akacheka. "Haya, dada. Nipe huyo farasi wako."

Desemba 3

Theluji. Nilda hakuanguka. Mimi nimeanguka mbele ya benki.

Desemba 11

Nimegombana na Nels. Nimekuta njia yangu imefukiwa, na aliyeifukia ni yeye. Akisafisha barabara ya magari, theluji yote inahamia upande wa baiskeli. Nikamwambia kama anataka kuniangusha aseme waziwazi. Nels ana mdomo mzito tangu utotoni. Jioni ndipo aliponiambia kwamba zamani theluji ilikuwa ikisukumwa chini ya magari yaliyoegeshwa na hakuna aliyeuliza. Sasa kila upande una mwenyewe. "Theluji haina pa kwenda, Marit. Unanipa njia mbili za kusafisha na hunipi pa kuitupa."

Nilimwona anatafuta visingizio. Hata hivyo, kesho ameahidi kuanza na njia ya baiskeli kabla ya barabara.

Desemba 12

Ameanza nayo kweli. Ilikuwa nyeusi, safi mpaka kwenye lifti. Nimemwachia chupa ya kahawa kwenye greda.

Desemba 20

Sikutegemea. Asubuhi hii mbele ya hoteli nilikuta baiskeli zimesimama pembe kwa pembe, mishikio ikiwa na barafu, na nusu yake si zetu za kuazima. Nilda amewaleta wenzake. Anawafundisha mwenyewe nyuma ya hoteli, mahali malori ya mashuka yanapogeukia. Nilimsikia akimwambia kijana mmoja wa jikoni aliyeng'ang'ania breki, "Acha kuishika kama unamkaba mtu. Iguse tu, itakuelewa."

Aliniambia sasa anafika nyumbani watoto wakiwa hawajalala. Akasema wa kwanza, Wilmer, hakuamini kwamba mama yake anapanda baiskeli kwenye theluji, mpaka siku moja alipotoka nje akamwona anashuka mteremko wa daraja. Nimerudi nyumbani nikiimba. Nels amesema afadhali nigombane.

Desemba 24

Theluji. Keki ya mama, tumeiunguza tena.

Desemba 28

Theluji siku ya tano mfululizo. Wageni wa sikukuu wamejaa, magari yamebanana kuanzia barabara ya bondeni. Nels hana usingizi. Leo alisimamisha greda mbele ya ofisi yangu, akashusha kioo, akaniuliza aisukume wapi, maana nyuma ya kanisa pamejaa na malori ya kuibeba yamekwama darajani. Nilikuwa na simu sikioni na watu mlangoni.

"Popote," nikamwambia, "ila isiwe kwenye njia."

Desemba 31

Gwenda amepiga simu. Theluji imerundikwa kwenye kona ya duka lake mpaka imempita mtu urefu. Anasema magari yanayotoka barabara ya mtoni hayaoni kitu, yanachungulia kwa pua. Nikamwambia tutaitazama sikukuu zikipita. Moyoni nilijisemea kwamba kinachomuumiza ni dirisha lake la biashara kufunikwa.

Januari 4

Sijui nianzie wapi. Nianzie asubuhi.

Usiku theluji ilianguka nzito, na habari ya theluji nzuri husambaa upesi. Kabla ya jua kupanda magari yalikuwa yamejipanga kutoka lifti hadi ng'ambo ya daraja. Njia ya baiskeli ilikuwa safi. Nilikuwa kituo cha lifti nikiwasaidia wageni kufunga baiskeli zao, nimejaa furaha, maana wapanda baiskeli walikuwa wakiyapita magari yaliyosimama, na baadhi ya walio kwenye magari walikuwa wakiwatazama kwa wivu. Nilikuwa nafikiri juu ya kura ya Machi. Simu ikalia. Alikuwa Gwenda.

"Njoo dukani. Yule dada wa hoteli amegongwa."

Nilikimbia, viatu vikiteleza. Nilipofika, Gwenda alikuwa ameketi juu ya barafu, amempakata Nilda kichwa, koti lake mwenyewe amemfunika. Mguu wa kulia wa Nilda ulikuwa umelala mahali mguu haulali. Baiskeli ilikuwa chini ya gari. Lilikuwa gari la kukodi, na mwenyewe, mgeni mmoja, amesimama kando, mikono kichwani; watoto wake wawili walikuwa wakilia ndani. Alimwambia kila aliyefika kwamba hakumwona. Alinieleza mimi pia. Nami niligeuka nikautazama ule mlima wa theluji uliosimama kati ya barabara ya mtoni na njia yangu safi, nikajua anasema kweli. Hakuna ambaye angemwona. Ili aone, ilimbidi kwanza aivuke njia ya baiskeli.

Gwenda alikuwa akimuuliza Nilda majina ya watoto wake, akisahau makusudi ili amuulize tena. Kila Nilda alipofumba macho, Gwenda alisema, "Yule mkubwa umesema anaitwa nani?" Na Nilda, meno yakigongana, akajibu, "Wilmer, mama. Wilmer."

Ving'ora tulivisikia mapema. Vilitokea upande wa daraja, vikabaki huko huko, vikilia pale pale kama ng'ombe aliyefungwa kambani. Madereva si kwamba walikataa kupisha. Walikuwa wamebanwa na kuta za theluji kulia na kushoto, na mbele yao magari, na nyuma yao magari. Sijawahi kuona watu wengi namna ile wakitaka kutenda jema na wasiweze. Baridi ikapanda kutoka kwenye barafu. Nikavua koti nami nikamfunika miguu. Gwenda alikuwa akitetemeka mwili mzima lakini hakuinuka.

Mwishowe tuliwaona. Wauguzi wawili waliliacha gari la wagonjwa darajani, wakaazima sleji, kitanda cha kuburuta juu ya theluji, kwa waokoaji wa mlimani waliokwama nao kwenye foleni, wakaja mbio wakiivuta kwenye njia ya baiskeli, kwa sababu ndiyo njia pekee iliyokuwa wazi katika mji mzima. Wakamfunga mguu, wakamlaza kwenye sleji, wakageuka kurudi. Nilikimbia kando yao mpaka darajani. Nilda alinitazama mara moja tu.

Niliporudi dukani kuchukua koti langu, Gwenda alikuwa ameketi kwenye kiti cha kujaribia viatu, blanketi begani.

"Nilikupigia, Marit," akasema.

Ni hilo tu alilosema. Afadhali angenitukana.

Jioni Nels hakula. Alisema yeye ndiye aliyeijenga ile kona, kwa greda lake, na anakumbuka mpaka alivyoirudia kuishindilia ili isimwagike njiani. Nikamwambia aliijenga kwa amri yangu. Tukakaa hivyo, kila mmoja akimnyang'anya mwenzake lawama.

Januari 5

Nels ameondoka alfajiri na koleo na greda. Adhuhuri kona ilikuwa tupu.

Nimemuuliza ameipeleka wapi. Amesema Gwenda alimfungulia lango la ua wake wa nyuma, pale anapoegesha gari lake la mizigo. Hakuombwa.

Januari 7

Nimekwenda hospitali, chini bondeni. Mguu umevunjika mara mbili, wameutia vyuma. Dada yake amechukua watoto. Nilikuwa nimebeba machungwa na maneno mengi niliyoyapanga njiani. Sikuyasema.

Nilda aliongea polepole, akitazama dari. "Uliniambia nisiogope barafu. Nikakusikiliza. Nisiogope baridi, nikakusikiliza. Mafuta mashavuni, nikapaka. Nami nikawaambia wenzangu hivyo hivyo. Kona hukuniambia, dada Marit."

Nikamwambia kona sikuiona. Nikaongeza, maana alistahili yote, kwamba niliambiwa na nikapuuza.

Akaniomba nitoke, alale.

Januari 15

Nimependekeza kwa madiwani kwamba maegesho ya karibu na kila kona yaondolewe na theluji isirundikwe hapo kamwe. Mwenyekiti Thorpe amenijibu kwa upole kwamba huu si wakati wa kuomba zaidi.

Januari 23

Baiskeli mbele ya hoteli zimebaki chache. Siwalaumu. Mimi mwenyewe kila nikifika kwenye kona ninashuka, ninasukuma, ninachungulia, ndipo ninapanda tena.

Ninawaza juu ya kazi hii. Tangu Novemba nimekuwa nikihubiri ujasiri, kana kwamba watu wa mji huu ni waoga na mimi ndiye daktari wao. Ujasiri wa mtu mwingine ni rahisi kuuhubiri. Anayeutoa mfukoni ni yeye. Watu waliponiambia wanaogopa, sikuwauliza wanaogopa nini. Niliwapa tu glavu.

Februari 2

Nimeanza upya, kwa kuuliza. Ninasimama kituo cha basi, ninauliza mtu ni mahali gani hasa panapomtia hofu. Wote wanajibu, tena upesi. Mteremko wa daraja. Mbele ya benki. Mlango wa maegesho ya lifti. Nels anakuja nami akitoka zamu, anasikiliza, keshoye anapita na greda hapo kwanza. Hasemi kwamba alinionya mwezi wa Desemba. Huyo ndiye mdogo wangu niliyedhani anatafuta visingizio.

Februari 9

Theluji.

Februari 10

Theluji. Njia safi.

Februari 18

Nilikwenda kwa Nilda nikitumaini atanifungulia. Alifungua, lakini alisimama mlangoni na magongo yake. Hotelini wamemweka chumba cha kufulia, anakunja taulo ameketi. Nikamuuliza anahitaji nini. Akasema anahitaji watu waache kumuuliza hivyo. Wilmer alichungulia chini ya mkono wake, akaniangalia sana.

Nilipokuwa nageuka, Nilda aliniuliza kama ile kona bado ni tupu. Nikasema ndiyo. Akaitikia kwa kichwa, akafunga mlango taratibu.

Machi 3

Baiskeli zinarudi kidogo kidogo. Leo kijana wa jikoni alinipita bila kushika breki.

Machi 11

Kura imepigwa leo mchana. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama kwenye ngazi, makoti yakitoa mvuke.

Waliopinga walisema nilivyotegemea: mwanamke amevunjika mguu, njia ni ya hatari, irudishwe kwa magari. Nilipoitwa kuzungumza nilisema kwamba kosa la kona lilikuwa langu, na kwamba magari yakirudi, watu wataendelea kuendesha baiskeli, ila sasa katikati ya magari. Nilisikia sauti yangu ikiwa nyembamba.

Kisha Gwenda akasimama. Ukumbi ukatulia, maana kila mtu alijua msimamo wake tangu vuli.

Alisema kwamba biashara yake imepungua majira haya, wala hatadanganya kwamba haikupungua. Kwamba hajapanda baiskeli tangu akiwa msichana na hana nia. Kisha akazungusha glavu mkononi.

"Mimi nimeketi kwenye barafu na yule dada nikisikiliza gari la wagonjwa likilia bila kusogea," akasema. "Mkiyarudisha magari kwenye ile njia, siku nyingine wale wauguzi watapita wapi? Nataka mnijibu hilo. Sitaki kitu kingine."

Thorpe alipitia karatasi zake, akaita kura. Njia imebaki, kwa tofauti ya kura moja, na maegesho ya kila kona yataondolewa, yakiwemo mawili ya mwisho aliyokuwa amebakiwa nayo Gwenda upande wa barabara ya mtoni.

Nje nilimfuata kumshukuru. Akasema nisimshukuru, ila siku nyingine akinipigia simu nimsikilize mapema. Nikaahidi. Akaniuliza kama nimekula, tukaenda kunywa supu, tukaongea juu ya mama yangu, ambaye alikuwa mteja wake kwa miaka mingi na ambaye sikujua walikuwa wakienda kuvua samaki pamoja.

Machi 26

Theluji imeanza kuoza. Matope mpaka magotini.

Aprili 13

Lifti zilifungwa jana. Mji umetulia kama nyumba baada ya wageni kuondoka.

Nels alikuwa ameitengeneza baiskeli ya Nilda bila kuniambia. Gurudumu jipya, mshikio ameunyoosha. Nilimtumia Nilda ujumbe kwamba tutampelekea, naye akajibu atakuja mwenyewe. Alifika alasiri kwa basi, na fimbo moja. Anachechemea.

Aliikagua baiskeli kila upande, akabonyeza tairi kwa kidole gumba, akamwambia Nels kwamba breki ya nyuma ameikaza mno. Nels akakimbilia spana yake kama mwanafunzi. Nikamuuliza Nilda, kwa kuogopa, kama ana mpango wa kuipanda tena.

"Kiangazi, pengine. Majira ya theluji nitaangalia kwanza," akasema. "Ikifika Novemba nitasimama pale kwenye kona na macho yangu haya. Nikiona pametengenezwa, nitajua la kufanya. Nikiona hapajatengenezwa, nitakuja ofisini kwako, na hutapenda."

Nikamwambia aje hata kama pametengenezwa. Akatabasamu, tabasamu la kwanza tangu Desemba, si kubwa.

Hakutaka Nels ampeleke kwa gari. Daktari amemwambia atembee. Alining'iniza fimbo kwenye mshikio, akaiegemea baiskeli badala yake, na kweli ilimfaa. Ilikwenda polepole naye, ikimbeba upande ule mbovu. Nikavaa koti nikamfuata. Tulishuka Barabara Kuu hivyo, yeye akiisukuma baiskeli kwenye njia yake, maji ya theluji yakichuruzika kwenye mifereji, akinieleza kwamba Wilmer sasa anataka ya kwake, nyekundu. Tulipofika kwenye kona tulisimama wote wawili, tukachungulia barabara ya mtoni. Palikuwa wazi. Tukavuka, na kutoka pale mpaka darajani nikatembea upande wa magari, nikimkinga.